Kila Mtu Anahama: Nani Anabaki na Wewe?

 Wadogo zangu wa Shinyanga mjini, wa Kahama, wa Kakola na Katoro, wa Nyarugusu na Rwamgasa, na wewe wa Mwakitolyo unayesoma huku unasubiri zamu yako saluni: hii ni yenu. Leo mapenzi na chunusi tuviweke kando. Tuongee kuhusu uchovu ule usiotokana na kazi, ule unaokukuta asubuhi kabla hata hujashika ndoo.

Swali ninalolisikia sana kwa rika lenu lina sura nyingi. "Dada, nakasirika ovyo." "Dada, sina hamu na kitu chochote." "Dada, niko darasani lakini naona kama sipo." Kisha linafuata lile lenyewe: "Nina kasoro gani?" Mdogo wangu, kabla hatujaanza kutafuta kasoro ndani yako, nijibu kwanza haya. Unaishi wapi? Unaishi na nani? Na ni nani ameondoka?

Nakuuliza hivyo kwa sababu akili ya kijana inakaa kwenye nyumba, kwenye mtaa, kwenye maneno ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu darasa lako, utaona kwamba hauko peke yako hata kidogo. Na umri wenu una jambo lake: ubongo bado unajijenga hadi miaka ya ishirini na kitu, na ile sehemu ya kujizuia na kupima matokeo ndiyo inayochelewa kukomaa. Hisia zimeshafika, breki bado ziko njiani. Ndiyo maana neno ambalo mama amelisahau kabla ya chakula cha usiku, wewe linakufanya ukeshe wiki nzima, hasa likitoka kwa wenzako wa rika moja.

Sasa chukua kijana huyo umweke kwenye mji wa dhahabu. Tuone mji unamfanya nini.

Mji unaohama

Mnaijua rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu mpya, kuliko mimi. Jioni inavuma habari kwamba kuna duara, yaani shimo la dhahabu, limetema sehemu fulani. Kufika mwisho wa mwezi porini kumeota mji: vibanda vya turubai, mama lishe, gesti ya mabati, banda la video, spika mbili zinazopigana kelele usiku kucha. Dhahabu ikikata, mji unavunjwa, turubai zinapakiwa kwenye pikipiki, na watu wanaelekea kwingine. Hata migodi mikubwa yenye geti na taa ina mwisho wake. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, na kufikia 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Mtoto aliyezaliwa mgodi unafunguliwa alikuwa hajamaliza hata shule ya msingi.

Wakubwa huzungumzia rashi kwa hesabu ya pesa: nani amepata, nani amefilisika. Wewe unaihesabu kwa watu. Rafiki uliyekaa naye dawati moja amehamia Chunya na baba yake, hata hakuaga. Mwalimu aliyejua jina lako ameomba uhamisho. Baba mlezi uliyeanza kumzoea amefuata duara jipya na simu yake haipatikani. Mama naye anafungasha masufuria, anasema shule ziko kila mahali. Ndiyo, shule ziko kila mahali. Lakini kila ukifika mpya unaitwa "mgeni," na kabla jina hilo halijakutoka mnahama tena.

Mtu aliyeachwa mara nyingi hujifunza kutoshikamana na yeyote. Unaacha kuuliza majina ya wenzako. Unakuwa wa kwanza kugombana ili ukiondoka usiumie. Watu wazima wanaokuona hivyo wanasema una jeuri, au huna shukrani. Mimi naona kijana anayejilinda kwa silaha pekee aliyonayo. Lakini silaha hiyo ina gharama: inamzuia pia yule ambaye angekufaa.

Nisikuache na maneno matupu, nikupe ushahidi kutoka mbali. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, serikali ilifanya jaribio kwenye miji mitano, Chicago na Baltimore ikiwemo. Familia za mitaa yenye umaskini mkubwa zilipigiwa bahati nasibu, na zilizoshinda zikapewa hati ya kulipiwa pango kwenye mitaa yenye nafuu. Miaka mingi baadaye watafiti waliwafuata watoto wa familia hizo, na mwaka 2014 wakachapisha walichokikuta. Wasichana waliopewa nafasi ya kuhama walikuwa na sonona pungufu kuliko wenzao wasiopewa. Kwa wavulana ikawa kinyume: sonona ilikuwa juu zaidi, na kiwewe pia. Serikali ileile, hati ileile, mitaa ileile, na kaka na dada wakatoka na mioyo tofauti.

Mimi kwenye habari hiyo nachota mambo mawili. La kwanza, mahali unapoishi panaingia kichwani mwako kweli, usikubali kuambiwa kwamba ni uvivu au kudeka. La pili, mazingira hayamgusi kila mtu sawasawa, kwa hiyo acha kujipima kwa mdogo wako anayecheka tu baada ya kuhama mara tatu. Yeye ni yeye.

Kuzuia mama asihame huwezi. Unachoweza ni kubadilisha namna ya kuondoka. Aga watu. Nenda kwa rafiki, mwambie unaondoka lini, chukueni namba ya simu ya mzazi mmoja kila upande. Mwombe mwalimu wako akuandikie barua ya uhamisho yenye maneno mawili kuhusu unachokiweza, ili huko uendako usianze kama mtu asiye na historia. Na tafuta mtu mmoja ambaye maisha yake hayafuati dhahabu: bibi kule kijijini, shangazi anayefundisha, mama mchungaji. Huyo mpigie siku ileile kila wiki, hata kama huna jipya la kusema. Kila kitu kikihama, uwe na namba moja isiyobadilika.

Baba akiwa chini

Kuna hofu ambayo wenzenu wa mijini hawaijui: kungoja mtu apande kutoka duarani. Oktoba 2015, machimbo ya Nyangalata kule Kahama yalifukia watu. Siku zikapita, wiki zikapita, matumaini yakaisha. Katikati ya Novemba watano wakatolewa wakiwa hai, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia nzima ilishangaa walikula nini kule chini. Mimi niliwaza watoto waliokuwa juu: siku 41 za kulala ukiwa yatima na kuamka hujui, halafu baba anarudi na watu wanakuambia uko sawa sasa, kacheze.

Nyumba nyingi za wachimbaji hazijapata ajali ya namna hiyo, lakini hofu yake imo ndani kila jioni baba anapochelewa. Inatoka kwa njia za ajabu: tumbo linauma kila Jumatatu, mdogo wako anakojoa kitandani akiwa na miaka tisa, wewe unashindwa kusoma mvua ikinyesha. Hofu hiyo iite kwa jina lake. Mwambie mzazi, "Ukichelewa naogopa umefukiwa." Kisha mpatane jambo dogo: akitoka shimoni apige simu au atume ujumbe kabla ya kitu kingine chochote. Vocha haizidi bei ya soda, na nyumba nzima inalala.

Kwa wadogo zangu wa kiume

Njooni karibu, nyie mnaojifanya hamsomi kona ya dada.

Kwenye machimbo mvulana anauziwa ukubwa mapema. Unaanza kwa kuokota mawe wikiendi, au kubeba mifuko kwenda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, au kuosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, mwaloni. Unapata elfu tano, siku nyingine elfu kumi. Wanaume wazima wanakuita "mkubwa" na wanakununulia bia. Jumatatu unarudi darasani kuchapwa viboko kwa kuchelewa, mbele ya watoto ambao hawajawahi kushika noti yao wenyewe. Ni nani angependa kurudi? Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita na Kahama zikiwemo, na lilikuta wanaofanya kazi wakiwa na miaka minane tu. Sheria yetu inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini mgodini ni kazi ya hatari na mlango wake ni miaka 18. Siwahubirii sheria hapa. Nawaambia kwamba mtoto aliyefanywa mkubwa kwa noti anakosa mtu wa kumlilia, kwa sababu "wakubwa" hawalii.

Kwa hiyo machozi yanatafuta mlango mwingine. Gongo, bangi, ngumi, mikeka ya kubeti. Wanakuambia gongo linaondoa woga wa kushuka. Linauondoa kwa saa chache, kisha kesho yake linakurudishia woga uleule pamoja na huzuni juu yake, maana pombe yenyewe inaushusha moyo. Na mkeka uliochanika saa sita usiku unamwacha mtu macho hadi alfajiri akipiga hesabu ya pesa ambayo haikuwa yake. Mdogo wangu, ukiona unakunywa ili ulale, au unabeti ili urudishe ulichopoteza kwa kubeti, hapo si starehe tena. Hapo unahitaji kusaidiwa, na kuomba msaada huo ni kazi ngumu kuliko kushuka futi mia.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi tukiongea habari za akili: zebaki. Mnaijua ile kazi ya kukamatisha dhahabu kwa zebaki kisha kuichoma. Moshi wake ni sumu inayoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono inatetemeka, kumbukumbu inapungua, hasira zinakuwa karibu, usingizi unapotea, na ubongo unaokua unaumia zaidi kuliko uliokwisha kukomaa. Kuna nyumba inachomewa jikoni, kwenye jiko lilelile la ugali. Kama kwenu ni hivyo, waambie wakubwa kazi hiyo itoke nje ya nyumba, mbali na watoto na wajawazito, na chombo chake kisiguse chakula. Ukiwa na dalili hizo na umekuwa ukikaa kwenye moshi huo, mwambie daktari neno "zebaki" kwa kinywa chako. Asipoambiwa, atakutibu malaria.

Kwa wadogo zangu wa kike

Nyie hamuuziwi ukubwa. Mnavalishwa tu, siku kifua kinapoanza kuonekana.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2010 zilionyesha kwamba Shinyanga ya wakati ule, kabla mikoa ya Geita na Simiyu haijazaliwa, iliongoza nchi nzima: kati ya wanawake mia moja wenye miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Mnajua jinsi jambo hilo linavyoanza. Mgeni anapita nyumbani, wazee wanaongea ng'ombe, na wewe unapika chai bila kujua kwamba mazungumzo ni yako. Unasikia shangazi akisema weupe unaongeza ng'ombe, unarudi kwenye kioo unajiangalia upya. Wengine wanaogeshwa samba, ile dawa ya mvuto, kisha mchumba asipotokea wanalaumiwa wao.

Tazama hilo linavyofanya kazi kichwani. Mwili wako unakuwa ajenda ya kikao. Unajifunza kujitazama kwa macho ya mnunuzi: niko mweupe kiasi gani, nimenenepa wapi, nina thamani gani. Msichana wa namna hiyo akisema "najichukia," watu wanamwambia ana maringo. Hana maringo. Amepimwa kwenye mizani mchana kutwa. Hiyo haina tofauti kubwa na mwenzake wa mjini anayejilinganisha na picha zilizosafishwa kwenye simu. Wote wawili wamepewa kioo cha mtu mwingine.

Na kuna njia ya kwenda shule. Kilomita nyingi, jua, bodaboda anayekupa lifti leo na kesho anadai malipo yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Nimewataja na wavulana, kwa sababu wao ndio wanaonyamaza zaidi. Kama limekupata wewe, nisikilize vizuri: kosa ni la aliyelifanya. Nguo, lifti, chipsi ulizokula, hakuna hata kimoja kinachokuhamishia kosa lake. Nenda kituo cha afya haraka, ndani ya siku tatu kama unaweza, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina muda wake. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na likiwa limepita miaka mingi, bado hujachelewa kulisema.

Mjue pia kwamba mna pa kusimamia. Julai 2016 Rebeca Gyumi, dada yetu mwanasheria, alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe chini ya miaka 18. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hukumu ile ilikuwa sahihi. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na aliyepata ujauzito akakatishwa masomo, tangu Novemba 2021 Wizara ya Elimu imefungua mlango wa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mzigo wa mawazo unapungua sana pale unapojua kwamba maisha hayajafungwa, kwa hiyo usimwache mtu akudanganye kwamba yamefungwa.

"Amelogwa huyo"

Hapa nitaongea taratibu, maana najua niko kwa Wasukuma wenzangu na wageni wetu kutoka kila kona ya nchi.

Kijana akianza kuongea peke yake, au akikataa kula na kujifungia ndani, neno la kwanza mtaani ni kwamba amelogwa, au ana mapepo, au ametolewa kafara ya dhahabu. Kisha kinafuata kimya, kwa sababu nyumba yenye "kichaa" haiolewi. Mwezi unapita, miwili inapita, mgonjwa anazidi. Mimi simkatazi mtu sala yake. Ombeni, fungeni. Lakini siku hiyohiyo mpelekeni hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa yetu zinaweza kuanza matibabu na kumpeleka mgonjwa mbele zaidi, Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikiwemo, na magonjwa mengi ya akili yana dawa na ushauri unaosaidia, hasa yakiwahiwa.

Kitu ninachokataza kabisa ni kutafuta wa kulaumiwa. Tunajua tulikopita. Bibi wenye macho mekundu kwa moshi wa jiko la kuni waliuawa katika mikoa hii kwa tuhuma za uchawi. Watu wenye ualbino waliwindwa kwa uongo kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, na uongo huo ulipata wateja machimboni. Watoto wenye ualbino walipelekwa Shule ya Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama, na wapo waliokaa miaka bila kuona wazazi. Wadogo zangu wenye ualbino mnaosoma hapa, hofu yenu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa akili timamu mahali pasipo na usalama. Na nyie wengine, kijana mwenzenu mwenye ualbino akiingia darasani, mfanyieni nafasi kwenye dawati bila kusubiri mwalimu aseme. Hapo ndipo mnapoweza kuwa mazingira mazuri ya mtu mwingine.

Utajuaje kwamba ni zaidi ya huzuni ya kawaida?

Huzuni ya kuachwa au kufeli mtihani huja na kupungua. Angalia muda na maisha yanavyokwenda. Ikiwa wiki mbili zimepita na karibu kila siku moyo uko chini, au huna raha na kitu ulichokipenda, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakishuki, masomo yameanguka ghafla, unajikata au kujiumiza, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, basi hapo ni pa mtaalamu, usibaki na mimi tu wala na marafiki.

Na ukiwaza kufa, sema leo. Usisubiri uone kama litapita. Mwambie mtu mzima mmoja kwa maneno yaliyonyooka: "Ninawaza kujiua." Kulisema hilo si kosa, ni kuomba msaada. Usikae peke yako usiku huo, na nendeni kituo chochote cha afya kilicho wazi. Rafiki akikuambia hivyo kwa siri, hiyo ni siri usiyoitunza. Bora akununie mwezi mzima akiwa hai.

Sasa tufanye nini?

Mji hatuwezi kuubeba mabegani. Watu wanaokuzunguka ndio tunaoweza kuwachagua, angalau wachache.

Anza na mtu mzima mmoja. Si lazima awe tajiri wala msomi; awe anapatikana na anafunga mdomo. Kule Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Mwaka 2016 utafiti ulichapishwa kuonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi, benchi na masikio mawili! Sisi kwetu tulikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo vijana walikaa na wazee wakasikia na kusikilizwa. Kwenye chumba cha kupanga Katoro shikome haipo, lakini bibi wapo. Mama muuza mboga anayekuuliza kila siku kwa nini umekonda, anza na huyo.

Kisha jiunge na kundi lenye ratiba. Kwaya, ngoma, skauti, klabu ya shule, timu ya mtaa. Wana Shinyanga mnaikumbuka Stand United, "Chama la Wana," iliyotoka kwa watu wa stendi ikafika Ligi Kuu mwaka 2014. Nyuma ya jina hilo kulikuwa na watu waliodharauliwa wakiamua kuwa kitu kimoja. Wewe huhitaji Ligi Kuu. Unahitaji mahali ambapo usipoonekana Jumanne, mtu atauliza uko wapi.

Simu iwe nje ya kitanda usiku. Magrupu yanayokutukana au yanayosambaza picha za watu, toka. Hakuna atakayekupiga faini.

Na kama nyumbani ndiko kunakouma, au huna wa kumwambia, piga 116. Ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure, na anayepokea kazi yake ni kukusikiliza na kukuunganisha na msaada. Kwenye halmashauri yako pia kuna afisa ustawi wa jamii. Muulize mtendaji wa kijiji au mtaa ofisi yake iko wapi.

Neno kwa wazazi wanaochungulia

Shikamooni. Najua mnatafuta riziki ya hawa hawa watoto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa mtoto unaonekana mwepesi zaidi kwa sababu hajalipa kodi wala hajabeba mifuko. Nawaomba matatu tu. Mkihama, subirini muhula uishe kama inawezekana, na mwambieni mtoto mapema. Mtoto akianza kuongea jambo zito, mwacheni amalize kabla hamjatoa mfano wa shida zenu za zamani. Na msimsikilize kwa masikio ya kuhukumu mtoto aliyefanyiwa ubaya: swali la kwanza liwe "umeumia wapi," na "ulikuwa unafanya nini kule" lisiwepo kabisa.

Haya, wadogo zangu, kazi ya wiki hii. Kabla ya Jumapili, chagua yule mtu mzima mmoja na umwambie sentensi moja ya kweli kuhusu unavyojisikia. Akikupuuza, hujashindwa wewe, amekosea yeye; Jumatatu nenda kwa wa pili. Na kama wewe mwenyewe uko vizuri, nenda kwa yule mwanafunzi mgeni aliyehamia mwezi huu, umuulize jina.

Dada yenu.